Pindo la Bendera

Agizo limekuja tena: bendera mia mbili,
ziwe tayari kabla ya Jamhuri.
Karani aliyelileta hakuketi.
Nikamkumbusha za mwaka jana,
akasema, "Fundi, hii ni kazi ya nchi."
Basi nchi nayo nimeiandika daftarini
chini ya Bi Mwanakombo wa mapazia:
elfu kumi na nane na mia tano, bado.

Nyeusi haina taabu, huficha makosa ya fundi.
Nyekundu huchuja, usiiloweke na wenziwe.
Kijani niliwekewa cha namna mbili,
cha mgomba na cha msikiti; nikachukua cha bei.
Lakini huo ukanda mweupe, mwembamba kama utambi,
ndio unaonitoa jasho:
ukiulegeza unakwenda upogo,
ukiukaza unakunjana.
Miaka thelathini na miwili nashona,
sijaunyoosha hata mara moja bila kufumua.

Batuli ameketi mlangoni anakata nyuzi.
Ana miaka ishirini na mmoja na hana kitambulisho.
Mara ya kwanza walitaka cheti changu, nikapeleka.
Mara ya pili cha mamake, tukapeleka.
Mara ya tatu: "Lete cha babu."
Babu! Shekuwe bin Twaha,
aliyezaliwa Kibokoni, chumba cha juu, usiku wa mvua,
mkunga akamkata kitovu kwa wembe na dua,
kitovu kikazikwa uani, penye kisima.
Nikamwambia yule afisa: cheti ni hicho, twende ukachimbe.
Hakucheka.
Wala mimi sikuwa nachekesha.

Mkataa kwao mtumwa, tulifunzwa chuoni.
Aliyekataliwa na kwao anaitwaje,
mwalimu hakutufikisha.

Lakini sikiliza hili, maana nami silielewi.
Juzi usiku Faraji alitoa televisheni barazani.
Wanawake wanakimbia, huko Ulaya,
raundi kumi na mbili na nusu.
Wetu alikuwa wa nne, kamba ya kiatu imelegea,
na jina lake la bara
kila mmoja akalitamka kivyake.
Aliyeruka mwanzo ni Batuli.
"Mwendee! Mwendee! Usimwachie!"
Buibui limemteleza, ndara moja iko mtaroni.
Na wimbo wa taifa ulipopigwa watu wakanyamaza,
hata Faraji, aitukanaye serikali tangu alfajiri,
na mwanangu asiye na karatasi
akasimama wima, machozi yanamtoka.
Njiani nikamuuliza, "Walilia nini?"
Akasema, "Miguu yake, baba. Umeiona miguu yake?"
Sikuuliza tena.

Usiku huu stima imepotea, nashona kwa taa ya simu.
Imebaki moja.
Nimechukua kalamu ya wino usiotoka
na ndani ya pindo, upande wa mlingoti,
kabla sijalifunga,
nimeandika: Shekuwe bin Twaha, Kibokoni.
Kisha nikapiga mshono mara mbili, nikaikunja,
nikaichanganya na zile mia na tisini na tisa
hata mimi mwenyewe nisiijue ni ipi.

Kesho kutwa zitapandishwa:
bandarini, mashuleni, kwa chifu,
na juu ya ile ofisi yenye dirisha nambari tatu.
Wakimuuliza tena cheti cha babu, Batuli
awaambie watoke nje, waangalie juu.
Huenda kiko pale.
Huenda kiko Likoni, au kwenye gari la diwani
kinapigwapigwa na upepo.

Ukanda mweupe umekwenda upogo kidogo.
Nimeuacha.
Nao hawajanilipa.