Rangi ya Pili

Rangi ya pili imeteleza unywele mmoja tu,
na USIKOSE yangu sasa ina kivuli chekundu,
kama mtu aliyevaa shati la kaka yake.
"Tena," asema Mwalimu Shekalaghe. Hata kichwa hainui.

Makorora, saa nane, feni imelala na umeme.
Wino haukauki kwenye hewa hii ya chumvi;
nimeanika karatasi kwenye kamba ya khanga za mama,
naye kapita katikati:
mgongoni ana tarehe ya tamasha.

Hamsini nimeharibu. Nimempelekea Bi Mwantumu, afungie kachori.

Leo Ngamiani mtoto kakunjua kifurushi chake,
analamba pilipili kidoleni,
anasoma, silabi kwa silabi,
kivuli na vyote:
u-si-ko-se.