Nyuzijoto

Mayai manne, laini kama ndewe,
yamezama nusu kwenye chenga za madini
nilizozilowesha, nikazikamua kiganjani
mpaka tone la mwisho likakataa kudondoka.
Kisanduku kilikuwa cha siagi.
Juu ya kila yai nimetia nukta ya penseli:
huku ndiko mbinguni, usilipindue.
La kuku hugeuzwa na mamaye kutwa kucha;
hili la mjusi ukiligeuza, kilichomo huzama
katika maji yake chenyewe.

Jokofu la marehemu baba ndilo kiangulio.
Miaka thelathini lilipoza bia na soseji,
nami nimelifundisha kazi ya kinyume:
waya wa joto, kidhibiti cha mtumba,
feni niliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu.
Linanguruma usiku, ghorofa ya saba, Ostrava,
theluji ikitambaa dirishani.

Nyuzi ishirini na sita, karibu wote majike.
Thelathini na mbili na nusu, wengi madume.
Hakuna dua, hakuna mganga,
hakuna shangazi wa kusoma umbo la tumbo.
Ni kitufe tu,
na kidole changu juu yake.

Baba alikuwa mchimba makaa.
Mabinti watatu mezani, mimi wa nne njiani.
Siku niliyozaliwa muuguzi alipiga simu mgodini.
Akasikiliza, akasema, "Haya,"
akashuka tena, mita mia nane chini ya ardhi,
akamaliza zamu yake.
Mama alinisimulia akicheka, akikatakata vitunguu,
kwa hiyo mpaka leo sijui
yale machozi yalikuwa ya nini.

Nikakiacha kitufe katikati. Wajiamulie.

Siku ya thelathini na nane umeme ukakatika,
mtaa mzima, kuanzia kituo cha tramu.
Kipimajoto kikaanza kuteremka ngazi:
ishirini na nane. Sita. Tatu.
Nikashuka kumgongea bwana Ctirad wa ghorofa ya sita,
yule anayelalamika kila mwezi
kwamba nyenje wangu wa chakula wanamwimbia usingizini.
Alifungua akiwa na suruali ya kulalia.
Nikamweleza. Akanitazama
kama mtu aliyeambiwa kuna mamba bafuni.
Kisha akatoa jiko la gesi la safari,
akachemsha maji, akajaza chupa tupu za bia,
akazivika soksi zake za sufu.
Tukazipanga jokofuni kama askari walevi,
tukizibadili kila nusu saa.
Akauliza, "Na hawa, wanajua?"
"Wanajua nini?"
"Kwamba tunahangaika."
Saa kumi alfajiri taa zikarudi, jokofu likakohoa.
Bwana Ctirad alikuwa amesinzia kitini,
soksi moja mguuni.

Siku ya hamsini na sita mayai yakatoka jasho.
Nyumba yangu haina mlango, husema watoto wa vitendawili;
basi mimi nilikaa sakafuni, chai ikipoa,
nikaona mlango ukichanwa kutoka ndani:
mkato mmoja, kama wembe kwenye karatasi,
halafu pua,
halafu kupumzika kwa muda mrefu sana
kama aliyefika ofisini akakuta foleni.

Wakatoka watatu, mistari ya nyigu mwilini,
wakanifokea kwa sauti ndogo kuliko bawaba.
La nne lilibonyea, likaota ukungu.
Nukta yake ya penseli bado ilisomeka.

Jinsia yao haitajulikana mpaka majira ya joto.
Jana nilimpigia dada yangu mkubwa, Blažena,
nikamwambia wameanguliwa.
"Wa kiume?" akauliza.
"Wazima," nikamjibu.
Kimya.
"Haya," akasema, kwa sauti ya baba kabisa,
lakini hakukata simu.