Rangi Iliyobaki

Walinipa kopo la lita nne, brashi moja,
na fulana yenye maandishi mgongoni.
Kazi ya siku mbili, mia saba kwa siku:
kupiga alama nyekundu kwenye kila ukuta
ulio ndani ya mita thelathini kutoka mto Auji.

Rispah Abonyo, mpangaji wa mji, alitangulia na ramani.
Ilikuwa ramani nzuri, sikatai.
Mto umetiwa buluu ya daftari la shule,
kingo zake zimepandwa mafunjo na mikuyu,
kuna njia ya baiskeli, taa zinazokula jua,
na watu wa kijivu wasio na nyuso
wakitembea mikono mitupu.
Nikamuuliza: hawa hulala wapi wakichoka kutembea?
Akacheka kidogo. Kisha akaacha.

Tulianza kwa Mama Kwamboka wa makaa.
Alinitazama nikichovya brashi
kama anayemtazama muuguzi akitafuta mshipa.
"Paka vizuri," akasema, "ya mwaka juzi ilichujuka."
Kweli, chini ya yangu kulikuwa na nyingine,
na chini ya hiyo, herufi za shirika
lililokuja kuhesabu vyoo likaenda zake.

Saa sita tukafika mlango wenye kitasa cha waya.
Sikumwambia ni wangu.
Aliingia kupima, maana ofisi haina kumbukumbu za mafuriko
na matope hayasahau.
Mstari wa mwaka wa korona: sentimita themanini na nne.
Wa Aprili ile nyingine: mia moja na kumi na mbili.
Halafu utepe ukakwama kwenye maandishi ya penseli.
Apondi, miaka mitatu. Apondi, minne.
Apondi, mitano, amevaa viatu, haihesabiki.
Mstari wa matope ulipita juu ya miaka yote hiyo,
umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Rispah akapiga magoti. Akaandika. Akafuta. Akaandika.
"Yuko wapi?"
"Kwa nyanyake, Ahero.
Huko nako kuna maji, ila yana mpunga wa kushughulika nao."

Ndipo akaitandaza ramani kitandani, juu ya sare ya shule.
Mto wa kwenye karatasi ulipigwa picha kutoka angani
kabla ghala la kule juu halijajengwa,
kabla ya ukuta wa zege uliousukuma ubavuni
hadi ukajifunza kupita kwetu.
Mita thelathini tulizokuwa tukipima
zilianzia mahali ambapo mto umekwisha kuhama.

Akachora mstari mpya.
Uliziacha nyumba kumi na moja, ukazoa tisa, yangu ikiwemo,
ukapanda taratibu, ukalikata lango la ghala katikati.
Tukautazama, sote wawili,
kama watu waliookota pochi nene barabarani.
"Huu," akasema, "lazima upite mikutano mitatu."
"Na maji?"
Hakujibu. Alichukua kifuniko, akalifunga kopo yeye mwenyewe.

Usiku nililiweka chini ya kitanda, juu ya tofali;
nyumba hii kila kitu hulala juu ya tofali.
Kisha nikalitoa tena.
Mlango wangu niliupaka peke yangu, kwa tochi ya simu,
na mkono haukutetemeka nilivyodhani.

Asubuhi, ujumbe: Njoo na rangi iliyobaki. Langoni kwa ghala.
Alikuwa na barua, muhuri ungali mbichi.
Bawabu akasema mkuu hayupo.
Saa tano hayupo. Saa saba hayupo,
ingawa gari lake lilikuwa likioshwa.

Rispah alitazama ramani, akatazama lami,
akanyoosha kidole pale mstari unapovuka.
"Barabara ni ya umma," akasema, taratibu, kama anayesoma.
Nikainama.
Nilipaka kutoka ukingo hadi ukingo, nene, bila kupunguza,
hadi brashi ikakwaruza chini ya kopo.

Lori la saruji likapiga honi, nikasogea.
Bawabu akafungua lango,
nalo likaukanyaga mstari ukiwa majimaji,
likaingia ndani na magurudumu yake mekundu,
likiacha alama, na alama, na alama,
mpaka mlangoni kwa ofisi.