Nguruwe wa Barica

Mto Sava umepanda usiku, bila hodi.
Barica amevaa buti za marehemu mumewe,
miguu inacheza ndani kama punje debeni.
Anaita: Gudi! Gudi-gudi!
Nguruwe hawaji.

Mwanawe alipiga simu kutoka Graz:
Mama, fuga wale weupe, miezi sita wako sokoni.
Hao wa madoa watakula miaka miwili
huku wakikutazama tu.
Barica akasema ndiyo, mwanangu,
akaenda kuwamwagia mahindi.

Sasa malisho ni maji matupu,
mialoni imezama hadi magotini.
Jana walikuwa kumi na mmoja.
Kisha anaona masikio,
majani mawili yaliyolegea juu ya maji:
Šarka, jike kuukuu, anaogelea!
Anazamisha pua, anaibuka na kome,
anamtafuna na gamba lake, kra, kra,
wanawe nyuma kama shanga zilizokatika uzi.

Barica anakaa juu ya uzio.
Buti moja imejaa.
Novemba atachinja mmoja wao; anajua yupi.
Mfukoni lipo tunda la mwaloni, kavu, la tangu Oktoba.
Anamtupia huyo.
Anakosea shabaha.
Linaliwa na mwingine.