Bila Hodi

Imefika Kutaisi kwa posta,
kwenye boksi lisilozidi kipande cha sabuni ya kufulia:
kompyuta ya lari mia tatu na arobaini,
bei yake chini ya meno yangu ya bandia.
Nikaiweka juu ya kitambaa cha meza, ubavuni mwa kinasa sauti,
nikaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni.
Ikapumua. Feni yake ina sauti ya paka aliyeshiba.

Kisha maswali.
Unaishi wapi? Tukusikilize? Tukuletee matangazo yanayokufaa?
Kila swali na jibu lake kubwa la buluu,
na jingine dogo la kijivu, limejikunyata pembeni
kama mtu asiyealikwa harusini.
Miaka thelathini na mmoja nimesahihisha gazeti la kiwanda cha malori;
herufi ndogo ndizo zilizonilisha.
Kijivu. Kijivu. Si sasa. Kijivu.

Kazi niliyoinunulia ni moja tu:
kaseti kumi na nne za dada yangu Tsiala,
alizonitumia kutoka Vorkuta badala ya barua
mkono wake ulipoanza kutetemeka.
Kaseti haina njia ya mkato.
Dakika tisini ni dakika tisini:
lazima uketi naye, akohoe, anywe chai, atafute neno.

Usiku wa kaseti ya tatu nilisinzia kitini.
Alikuwa akisimulia tulivyoiba plamu mbichi za mzee Murman,
chumvi tumeifunga kwenye leso,
mimi chini, yeye juu ya ukuta, na mbwa…
Nilipofumbua macho, skrini yote buluu,
vidoti vinazunguka kama nzi juu ya jamu.
*Tunakuandalia mambo mazuri. Usizime.*
Nani kawaomba?
Asilimia kumi na saba.
Nikaenda msalani, nikarudi. Kumi na saba.
Na kaseti inazunguka, dada anaongea na kuta,
hakuna anayemwandika.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu kaingia saa tisa usiku, bila hodi,
kapanga viti apendavyo yeye,
kaacha mchezo wa karata nisioujua
na picha ya ufuko wa watu wengine
pale nilipotundika ua wetu wa nyuma.

Asubuhi nikamwita Vazha wa ghorofa ya pili.
Hupaka magari rangi, si mtaalamu,
ila naye aliwahi kuumwa na nyoka huyo huyo.
Akanipitisha kwenye mipangilio, chumba ndani ya chumba:
hapa unasitisha masasisho kwa wiki tano,
hapa unaitajia saa zako za kazi,
na hapa, akacheka, unaidanganya
kwamba intaneti yako inapimwa kama maji ya mita,
nayo itaona haya kuchota.
"Lakini usiwafungie moja kwa moja, shangazi.
Mengine ni upuuzi, mengine ni viraka.
Wezi wanajua nani hajaziba tundu."
Nikamlipa uzi mmoja wa jozi
zilizochovywa kwenye rojo ya zabibu.

Sasa wanakuja Alhamisi, saa nne asubuhi,
nikiwa nimevaa, nimechana nywele.
Naketi mbele yao na chai, nahesabu asilimia
kama karani wa ghala.
Wakimaliza napita kila pembe:
sauti ipo, faili zipo,
ua wetu upo ukutani,
mchezo wa karata umerudi tena, naufuta tena.
Siku nyingine zote, komeo.

Kaseti ya tatu nimeianza upya.
Mbwa hakumuuma.
Alilala chini ya ukuta, anasema Tsiala, akimngoja ashuke,
na yeye huko juu akala plamu zote, hata zangu,
akatema kokwa moja moja,
hadi giza likaingia, mbwa akachoka,
akajinyoosha, akaenda zake.

Zimebaki kumi na moja. Sina haraka nazo.