Daftari la Mabao

Lina jalada la kijani, pembe zimeliwa na panya,
na doa la mawese pale Padri alipowekea maandazi.
Nilikabidhiwa mwaka themanini na saba
kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri
na kwa kuwa wasichana hawakuchezeshwa.
Kaa hapo, Nsimire, wakasema. Hesabu.

Nikahesabu.

Cirimwami: msimu mmoja, mabao thelathini na moja,
mechi ishirini na sita. Mguu wa kushoto tu.
Wa kulia, alikuwa akisema, ni wa kupandia Kadutu.
Hakuna aliyemfikia. Leo anauza saruji Nguba,
ana kitambi, na kila mteja huijua ile thelathini na moja
kabla hajajua bei ya mfuko.

Birhashwirwa, kipa: mechi tisa mfululizo
wavu wake haukutikisika.
Jina halikutosha kwenye safu, likapanda ukingoni,
likapinda kona, likamwangukia mshika kibendera.
Nilidhani atacheka. Akaniambia: liandike lote.
Ya kumi alifungwa na mvua. Mpira ulikwama topeni,
akauendea, mguu wa mtu ukawahi.
Niliandika moja kwa sifuri. Mvua haina safu.

Kiwanja chetu kimelala upande, kama kila kitu Bukavu.
Bao la kuteremka na bao la kupanda
huandikwa kwa wino mmoja.
Daftari halijui mlima, wala halimjui Kalegamire,
aliyeshuka korongoni kuufuata mpira
mara mia mbili na kumi na nne kwa miaka mitatu,
mara mbili hadi ziwani, na suruali yake ya shule.
Hiyo niliiweka mwenyewe, nyuma ya jalada, kwa penseli.

Halafu ukurasa wa tisini na sita.
Zihindula. Septemba, Oktoba.
Mechi saba, mabao kumi na matatu.
Ya nane ingekuwa Jumapili, na wale wa Bagira.
Nilishachora mistari. Nilishaandika tarehe.
Mistari ipo.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mkono una tabia zake:
kumi na tatu, gawanya kwa saba,
zidisha kwa ishirini na sita,
arobaini na nane na ushei.
Niliiandika usiku mmoja, umeme umekatika,
nikaitazama imekaa juu ya Cirimwami kwa mwanga wa mshumaa.
Asubuhi nikaifuta.
Huwezi kumzidishia mtu michezo ambayo hakupewa.
Karatasi pale imekuwa nyembamba;
ukiiinua dirishani unaona ziwa.

Kila mwaka, siku ya sherehe ya koleji, tunawasoma vinara.
Makofi. Cirimwami husimama, hushika kiuno, huketi.
Mama yake Zihindula huja na kitenge kilekile,
hukaa mstari wa tatu, hajawahi kudai kombe.
Mara moja tu alinishika mkono getini:
Mwalimu, ukifika kwake usiseme hakumaliza.
Sema saba. Sema kumi na tatu.
Kisha nyamaza kidogo kabla ya jina lingine.

Nimejaribu. Kunyamaza kidogo ni kugumu;
watu hudhani nimepoteza ukurasa.

Mwaka huu kuna Nabintu, wa darasa la tano.
Wasichana sasa wana timu, wana jezi za kaka zao
zilizopaukia mgongoni hadi namba hazisomeki,
nami humtambua kwa anavyokimbia, viwiko nje,
kama anayepita sokoni na beseni kichwani.
Mabao ishirini na mawili, na Mei haijafika.
Jana alinichungulia begani, jasho likadondoka
juu ya karatasi, kando ya jina la kipa.
Nimebakiza ngapi, Mwalimu?
Tisa kumfikia, nikamwambia. Kumi kumpita.

Akatazama chini, ukurasa ule wenye mistari mitupu,
akauliza: na huyu?

Filimbi ikalia kabla sijajibu.
Akateremka mbio, kamba za kiatu zimefunguka.
Kipindi cha kwanza wanashambulia mlimani.