Mgeni wa Siku ya Tatu

Kibao cha langoni nilikipaka rangi mwenyewe:
KWA MWAKIO. MALAZI NA STAFTAHI.
Herufi ya mwisho imeinama
kama baba akitafuta viatu chini ya kitanda.

Nyumba ni ya mawe, Ngara, nyuma ya gereji,
imebanwa na maghorofa mawili
yanayodondosha vibanio vya nguo juu ya mabati yetu.
Sakafu bado nyekundu. Naipaka nta kila Jumamosi,
kwa magoti, kwa kipande cha blanketi kuukuu,
na wageni husema, "Inang'aa kama kioo."
Siwaambii kwamba kioo hicho
kilikula goti la kushoto la mama.

Baba aliinunua kwa karani Mgoa aliyekuwa akihama,
kwa mshahara wa reli, kidogo kidogo, miaka kumi na mmoja.
Stakabadhi zote zimo kwenye kopo la biskuti.
Mgoa aliacha msumari wa msalaba ukutani;
sisi tukautundikia kalenda.

Wageni huuliza historia huku wakipaka siagi.
Nawapa ile fupi: reli, Mgoa, mawe.
Ile ndefu haina bei kwenye orodha.

Ile ndefu ni kwamba vitanda havikuwa vyetu kamwe.
Akishuka kijana kutoka Wundanyi na barua ya kutafuta kazi,
akija mgonjwa wa kupelekwa hospitali kuu,
au mchungaji na mkewe na kuku wawili wa shukrani,
mama alipiga kofi moja tu
nasi tukatoka mashukani,
tukalala ukumbini, wanane, mkeka mmoja,
vidole vya huyu puani mwa yule.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
kwetu jembe lilikaa nyuma ya mlango hadi likashika kutu.
Mjomba Mwalimo alikaa miaka minne.

Tulipomzika baba
kaka zangu walikuja na mtu mwenye ramani,
ghorofa kumi na mbili.
Mwandawiro alinionyesha kwa kidole
mahali ambapo jiko la mama lingekuwa lifti.
Sikubishana.
Nilikwenda Gikomba, nikanunua mashuka sita meupe.

Miaka mitatu hatukusemezana.
Kisha Aprili hii, usiku, mvua, kengele.
Ndiye.
Basi lilichelewa, alisema. Hoteli za mjini ni ghali, alisema.
"Una nafasi?"
"Kwa jina gani?" nikauliza, kalamu mkononi,
maana na mimi ni damu ile ile.
Akataja yote, la ubatizo na la babu.
Akalipa. Akadai risiti.
Nikamwandikia: tarehe, sahihi,
na muhuri nikaukandamiza mara mbili.
Nikampa chumba cha mbele, chenye neti mpya.

Mimi ni Wakesho, mtoto wa asubuhi;
jina langu limegeuka kazi yangu.
Saa kumi na moja nikapita gizani kwenda kuwasha jiko,
mguu ukagonga mtu.

Kitanda hakikuguswa, shuka halina hata kunyanzi.
Yeye yuko chini, juu ya sakafu nyekundu,
mtu mzima, mvi, vidonge vya presha mfukoni,
amejikunja kando ya ukuta, upande ule ule wake,
ameacha nafasi ya watu saba.

Nikamruka polepole. Nikakanda unga
bila kugonga bakuli.

Kwenye kitabu cha wageni watu huandika sifa,
huchora mioyo, hutaja uji wa wimbi.
Yeye aliandika mstari mmoja, kwa mwandiko wa baba:
*Mlango wa jikoni bado unalia.*

Leo ni siku yake ya tatu.
Nimeandaa chai, viazi vitamu, yai,
na kando ya kikombe chake
nimeweka kichupa cha mafuta ya cherehani.